Tupeane uzoefu: Sukari uliigunduaje, na nyumbani kwenu nani mwingine anayo?

Wakuu, salaam. Kwetu kisukari cha aina ya pili kimempata mama, mjomba na sasa kaka, na kila mmoja aliambiwa kazidisha sukari kwenye chai. Kaka mwenyewe hata chai hanywi! Nimeenda kupima kabla ya kula, nikakuta 6.4 (mmol/L). Daktari anasema bado si kisukari, ila kuanzia 6.1 ni onyo, na 7.0 ikijirudia ndiyo ugonjwa wenyewe. Wekeni visa vyenu, hasa ambao hamkujidhania.

*Dereva wa lori, Dar–Tunduma*
Kazi yangu ni kukaa kutwa nzima, nikishuka ni chipsi na soda baridi. Kiu ikanianza, kila kilomita chache nataka kuchimba dawa, utingo anacheka eti uzee. Mwili ukaisha, na mnajua watu wakikuona umekonda wanasema nini. Nikapima ngoma, hamna. Nesi ndiye aliyeshauri tupime na sukari: 19! Sasa natumia metformin, vidonge vya kushusha sukari, na macho yaliyokuwa na ukungu yametulia.

*Mama wa watatu, Morogoro*
Mimi sukari ilinipata kwenye mimba ya pili, nikajifungua ikapotea. Mtoto kilo 4.6, ukoo mzima unasifia "tumepata bonge"! Hakuna aliyeniambia nirudi kupima baada ya wiki kama 6, wala kwamba niendelee kuchekiwa miaka yote. Nimekuja kujua mtoto yuko darasa la pili, tayari nina ganzi miguuni. Kina mama mliojifungua watoto wa kilo 4 na zaidi, msijisahau.

*Fundi seremala, Tanga*
Na msidhani ni vitambi tu. Mimi ni mwembamba kama fito na ninayo. Bibi alikuwa nayo, baba anayo.

*Mhudumu wa afya*
Niongezee. Kongosho linatoa insulini, homoni ya kutoa sukari kwenye damu iingie mwilini, lakini misuli na ini haviitikii vizuri, sukari inabaki kwenye damu. Mafuta ya tumboni ndiyo yanayochochea zaidi kuliko ya makalioni. Kongosho linajikaza miaka mingi kabla ya kuelemewa, na kipindi hicho chote huenda usisikie kitu. Wengine tunawapokea kwa kidonda cha mguu kisichopona. Ukiwa na presha, mzazi au ndugu wa damu mwenye sukari, au umevuka 45, pima hata kama uko fiti. Na tafadhali, msiache vidonge kwa ajili ya majani ya jirani.

*Mwanzisha uzi*
Mkuu wa lori, safarini sasa unakula nini?

*Dereva wa lori*
Maharage, mchicha mwingi, samaki, ugali kidogo. Kazi ni kumwelewesha mama ntilie, ukisema kidogo anadhani huna hela, anakuongezea!