Msaada: DXF ya msanifu inanimalizia bodi za MDF

Randa_ya_Keko
Wakuu, habari za jioni. Nina karakana ndogo huku Keko, mashine moja ya CNC ya mbao (inakata yenyewe kwa kufuata mchoro wa kompyuta), na VCarve, programu ya kuiandalia njia za kukata, kwenye laptop ya zamani. Mteja kaleta kazi ya milango sita ya kabati, 900 kwa 400, yenye nakshi za matundu, yale maua ya pembe nane yanayojirudia mlango mzima. Mchoro katoa msanifu wake, faili la DXF (mchoro wa mistari wa kompyuta), nimetumiwa kwa WhatsApp.

Kufungua tu, mlango ukaja mdogo kama kidole: 35.433 kwa 15.748. Nikaona hizo ni inchi, isiwe tabu, nikazidisha kwa 25. Nikakata. Mlango ukatoka 886 na fremu ilishatengenezwa, sasa kuna uwazi unaopitisha kidole.

Hayo tisa. Biti (kisu cha mashine) inapita mstari uleule mara mbili, bodi ikaanza kufuka moshi na kingo zikawa nyeusi. Kwenye mikunjo mashine inashtukashtuka kama bajaji kwenye matuta. Na yale maua ya katikati, ambayo yanatakiwa kuchimbwa nusu unene tu, nikiyachagua programu inadai mistari haijafungwa, wakati kwa macho naona imefungwa kabisa. Bodi moja ya milimita 18 imeshakwenda. Tatizo ni programu, mashine au mimi?

JembeDogo
Mkuu, 25 ni ya kukadiria kitambaa sokoni. Inchi ni 25.4 😂

Mama_Polilaini
Pole kaka. JembeDogo anacheka lakini jibu la kwanza ndilo hilo. 35.433 mara 25.4 inakupa 900 kamili, 15.748 inakupa 400. Ndani ya DXF kuna namba tu. Kuna sehemu inaitwa $INSUNITS ambapo 1 ni inchi na 4 ni milimita, ila wachoraji wengi hawaigusi na programu nyingine haziisomi. Mimi sifungui faili la mtu kabla hajaniandikia kipimo kimoja anachokijua, hata upana wa mlango tu. Nikifungua napima hicho kwanza. Kikigoma, siendelei.

Moshi unatokana na mistari miwili iliyolaliana. Mchoraji alinakili ua, akalibandika juu ya jingine, ukingo wa pamoja ukawa na mistari miwili. Kwenye kioo unaona mmoja, biti inaona miwili. Kama una AutoCAD, ile programu ya kuchorea, tumia amri ya OVERKILL, inafuta mistari iliyolaliana. Kama huna, VCarve yenyewe kwenye menyu ya Edit ina pa kuchagua mistari iliyojirudia, ukaifuta.

Mistari "isiyofungwa" kuza mchoro mpaka ncha mbili zijae kioo. Utakuta zimeachana kidogo mno, labda 0.02. Tumia kifaa cha kuunganisha, weka nafasi ndogo kama 0.05. Usiweke milimita 1 kwa uvivu, kwenye nakshi nyembamba itaunganisha ua na jirani yake na utatafuta kosa mpaka asubuhi.

Randa_ya_Keko
Dada ubarikiwe. Mistari iliyojirudia nimeiona, ni mingi kuliko nilivyodhani. Kuunganisha nimefaulu karibu yote, ila maua mawili yanagoma. Nimekuza mpaka mwisho, ncha zimegusana kabisa!

Mama_Polilaini
Hebu angalia kwa pembeni badala ya juu. Kama una AutoCAD, gusa mstari mmoja usome Z yake, yaani kimo chake.

Randa_ya_Keko
Eti mmoja upo 0, mwingine upo 300!! Umeelea hewani.

Mama_Polilaini
Ndiyo huyo. Kwa juu wanagusana, kwa ukweli wamepishana sentimita 30. Tumia amri ya FLATTEN, ilaze yote kwenye kimo kimoja, halafu unganisha upya. Hili lilinila siku nzima mara ya kwanza, kwa hiyo usijione mjinga.

Tezo
Habari za mchana wakubwa. Hiyo ya kushtukashtuka muulize msanifu kama nakshi aliichora au alichukua picha akaiachia programu iifuatishe. Nakshi za picha huja vipandevipande, mkunjo mmoja una mistari mifupi mia na ushee, na mashine inapunguza mwendo kila kona ndogo. VCarve ina kifaa cha kubadilisha vipande kuwa tao halisi (mkunjo mmoja laini), jaribu nafasi ya 0.1 uone umbo kama halijaharibika. Tena ukimwomba atoe DXF upya, asitoe toleo la zamani la R12. Hilo halina splaini, yaani mikunjo huru, mikunjo yote ya namna hiyo hukatwakatwa kuwa mistari iliyonyooka kabla haijakufikia.

Ila kwa maoni yangu mnapoteza muda. Nakshi inajirudia. Chora ua MOJA safi, lizidishe mlango mzima, kingoni likate. Nusu saa umemaliza. Kusafisha uchafu wa mtu mwingine ni kazi ya bure.

Mama_Polilaini
Tezo, kwa nakshi hii nakubali. Siyo kwa kila kazi lakini. Ukichora upya mchoro wa mtu na tundu la bawaba likahama, kosa ni lako.

Chuma_Mombasa
Mie natengeneza vipuri vya chuma, shida zangu ni tofauti kidogo. Mteja akiniletea faili la STL, la umbo la 3D, namrudisha kwa adabu. Ile ni pembetatu tupu, haina hata vipimo vya inchi au milimita, na tundu la mviringo linakuwa na pande. Programu haiwezi kulitambua kama tundu la kutoboa. Namwomba faili la STEP, lenye mviringo halisi. Kwa kazi bapa kama yako ndugu yangu DXF yatosha.

Randa_ya_Keko
Mrejesho wakuu. Nimefuata ya Tezo kwa nakshi na ya dada kwa fremu na bawaba. Msanifu kakiri kwamba ua alilitoa kwenye picha. Ua jipya lina tao 16 tu, la kwake lilikuwa na vipande zaidi ya 400. Nimekata mlango wa kwanza kwenye kipande cha bodi mbovu, tepu inasoma 900 na 400, kingo nyeupe, mashine imetulia. Kitu kimoja kilichobaki: biti yangu ni ya 6, pembe za ndani zimekuwa za mviringo wa milimita 3.

Tezo
Hiyo haina dawa kwenye faili. Nunua biti ya 3 upitishe pembe peke yake, au mweleze mteja mapema.

Randa_ya_Keko
Nitamweleza. Sasa tunabishana nani alipe bodi iliyoharibika, msanifu anasema mimi ndiye niliyezidisha kwa 25.

JembeDogo
Na ana haki 😂 Huo mlango wa 886 unauzaje? Nina kabati jikoni halina mlango.

Randa_ya_Keko
Upana ni 394, kingo zimeungua. Njoo na tepu yako.