Baba mkubwa ana saratani ya ini na ini limechoka: mionzi ya mara tano, ya siku nyingi, au abaki nyumbani?

Mtoto wa Chamwino
Mbukwenyi wakuu. Naombeni mawazo maana kikao cha familia ni Jumamosi na mimi ndio nimepewa kazi ya kuulizia. Baba mkubwa amekutwa na saratani ya ini. Daktari kasema kupasua haiwezekani kwa sababu ini lenyewe limechoka, akagusia mionzi ila akasema itategemea. Nyumbani tumegawanyika, wapo wanaotaka aende Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, wapo wanaotaka tuuze ng'ombe apelekwe India kwenye ile mionzi ya mara tano tu inayolenga uvimbe, na mama mkubwa anasema mumwache apumzike kwake. Ipi bora hapo?

Nesi Mstaafu
Pole sana mwanangu. Ila hapo hujatuambia kitu. Ini limechoka kiasi gani? Leta majibu ya damu: bilirubini (ile ya manjano), albumini (protini inayotengenezwa na ini), INR (kipimo cha damu kuganda). Tumbo lina maji? Analala mchana na kukesha usiku, au anachanganya maneno? Uvimbe ni sentimita ngapi na umeingia kwenye mshipa mkubwa wa ini au bado? Amepimwa homa ya ini B? Anatembea mwenyewe mpaka chooni? Bila hayo kila mtu hapa atakujibu la kwake.

Fundi wa Ipagala
India mkuu, usipoteze muda. Shemeji yangu alikuwa na saratani ya koo alienda kule amerudi anapiga kazi kama kawaida.

Dada wa Kondoa
Fundi, koo na ini wapi na wapi jamani.

Naomba niseme la kwangu japo linaniuma. Kaka yangu alikuwa na ugonjwa huu huu, macho yana manjano kidogo na tumbo limeanza kujaa. Hospitali siitaji. Tukaambiwa mionzi siku 25, hakuna aliyetueleza hali ya ini lililobaki na sisi hatukujua kuuliza. Tukapanga chumba, kila asubuhi napanda naye daladala nimemshikia mto wa kukalia. Akamaliza, tukarudi nyumbani, majirani wakaja kumshukuru Mungu pamoja nasi, akala mpaka ugali wa uwele na mlenda. Kama mwezi hivi baadaye tumbo likafura, miguu ikavimba, macho yakawa kama yamepakwa bizari, usiku anaongea na marehemu babu. Tukamrudisha, wakapiga ultrasaundi, wakatuambia uvimbe umepungua. Uvimbe umepungua kweli, ila ini lililokuwa limebaki ndio limekufa. Hakumaliza mwezi wa tatu. Karatasi inayosema uvimbe umepungua ninayo mpaka leo kwenye begi. Kwa hiyo mtu akiniambia mionzi namuuliza kwanza, ini linabeba?

Mtu wa Mashine
Pole sana dada. Ulichoeleza kinajulikana, ni ini kuumizwa na mionzi yenyewe, na mara nyingi hujitokeza kuanzia wiki ya pili mpaka mwezi wa nne baada ya kumaliza, ndio maana watu hudhani mgonjwa amepona. Ini zima lina akiba, lenye makovu halina.

Tofauti ya hizo aina mbili iko hivi. Ile ya siku nyingi dozi ya kila siku ni ndogo na kwa mipango ya zamani ini zuri lilikuwa linapata sehemu kubwa ya mionzi. Ile ya mara tano (wengine huipiga mara tatu mpaka sita) dozi ni kubwa sana lakini inabanwa kwenye uvimbe. Sasa ini linapanda na kushuka na pumzi, kwa hiyo lazima CT ya mpango (picha ya kupangia mionzi) ifuate pumzi au mgonjwa abanwe tumbo au azuie pumzi, la sivyo unapiga pembeni. Na hata ukilenga vizuri, njiani kuna ini linaguswa. Wanachohesabu ni kiasi cha ini zuri wanachokiacha salama. Mara tano siyo dawa nyepesi wakuu, msidanganywe na uchache wa siku.

Mzee wa Kibaigwa
Pamoja na hayo yote mgonjwa aanze na mlonge na maji ya mwarobaini, vinasafisha ini. Nimewapa wengi.

Nesi Mstaafu
Mzee wangu shikamoo. Naomba kwa heshima usimshauri mtu mwenye ini hili dawa ya kuchemsha ambayo kipimo chake hakijulikani. Nimeuguza waliokuja na manjano yameongezeka baada ya chupa mbili. Na diklofenaki za dukani, zile za maumivu, pia asipewe, zinaharibu figo na kuleta kutokwa damu kwa watu hawa.

Mtoto wa Chamwino
Samahani nilikuwa shamba. Nimepata karatasi. Umri 61. Uvimbe mmoja sm 7, mshipa mkubwa haujaguswa. Bilirubini 48, albumini 27, INR 1.5. Maji tumboni "kidogo". Akili iko sawa, anatembea mpaka kwa jirani. Homa ya ini B anayo. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia, halali.

Nesi Mstaafu
Ahsante, sasa tunaongea. Kwa Child-Pugh, alama za kupimia ini limechoka kiasi gani: bilirubini 2, albumini 3, INR 1, maji 2, akili 1. Jumla 9. A ni 5 mpaka 6, B ni 7 mpaka 9, C kuanzia 10. Yupo ukingoni mwa B.

Mtu wa Mashine
Hapo ndipo ugumu. Majaribio makubwa ya mionzi ya kulenga yalichukua watu wa A. Kuna kazi ya Toronto ya 2014, wagonjwa 29 tu, wa B na C: wenye alama 7 nusu yao waliishi kama miezi 10 au zaidi, kuanzia 8 kwenda juu nusu yao hawakufika miezi 3. Wachache hao, siyo sheria, ila mimi nisingeuza ng'ombe kwa alama 9.

Na kuna njia ya nne hujaitaja. Mionzi ya siku moja, grei 8 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), kwa ajili ya maumivu tu. Kanada waliijaribu kwa watu 66 wenye maumivu ya saratani ya ini, iliyoanzia hapo au iliyosambaa mpaka hapo, majibu yakatoka 2024: baada ya mwezi waliopata nafuu ya maumivu ni asilimia 67, waliotunzwa bila mionzi asilimia 22. Haiponyi. Ila mtu analala.

Fundi wa Ipagala
Na kubadilisha ini je? India wanabadilisha, mwanae atoe kipande.

Mtu wa Mashine
Kwa vigezo vya Milan, vinavyotumika kuchagua wa kubadilishiwa ini, uvimbe mmoja usizidi sm 5. Huu ni 7. Vipo vituo vinavyolegeza lakini muulizeni daktari kwa maandishi kabla ya tiketi.

Mzee wa Kibaigwa
Huyo atakuwa alikunywa sana zamani.

Mtoto wa Chamwino
Mzee, baba mkubwa ni mlokole tangu nazaliwa. Hajawahi kuonja hata wanzuki.

Dada wa Kondoa
Sisi huku hatuhitaji pombe. 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu ya mahindi, ile sumu ya ukungu, Kondoa na Chemba tunaikumbuka. Sumukuvu ikikutana na homa ya ini B kwenye mwili mmoja saratani inakuja kirahisi zaidi. Karanga zenye ukungu mnazichagua mnauza nzuri, mbovu mnasaga za nyumbani.

Mzee wa Kibaigwa
Hilo nakubali. Mahindi yaanikwe kwenye turubai siyo chini, na ile mifuko isiyopitisha hewa inasaidia. Ila bei yake.

Binti Nzuguni
Tumetoka kwenye mada. Mtoa mada, ameanzishiwa tenofovir, dawa ya virusi vya homa ya ini B? Virusi vikishushwa na maji yakitibiwa alama zinaweza kushuka. Mtu wa 9 akifika 7 mjadala unabadilika.

Mtoto wa Chamwino
Hajaanza. Tuliambiwa turudi kliniki wiki iliyopita, hatukwenda kwa sababu ya hivi vikao.

Nesi Mstaafu
Rudini kesho, msingoje Jumamosi. Na ombeni mofini ya maji kwa hayo maumivu. Halafu swali moja, mwenyewe anasemaje?

Mtoto wa Chamwino
Hajui kama ni saratani. Tumemwambia ni vidonda.

Dada wa Kondoa
Kaka yangu naye tulimficha. Alijua siku nyingi, alikuwa anatuficha sisi.

Fundi wa Ipagala
Mkimwambia atakata tamaa, msimwambie.

Binti Nzuguni
Sikubaliani. Ng'ombe ni zake, tumbo ni lake.

Mtoto wa Chamwino
Nimesoma yote. Kesho nampeleka kliniki mimi mwenyewe, la India nitalisema kwenye kikao ila kaka zangu ni wabishi. Ikitokea tunaenda Dar, kwenye treni ya SGR mgonjwa wa kuegemezwa anapandaje pale stesheni, au basi ni afadhali?

Binti Nzuguni
Treni, basi litamtingisha hiyo mbavu. Fikeni mapema muombe kiti cha magurudumu mlangoni.