Ushauri: Nimekwama Nangurukuru na rafiki yangu, tunaomba lifti kwenda Mtwara. Malori ya usiku yanaaminika?

Pweza Mkavu:
Wakuu, habari za mchana. Mimi na mwenzangu tuko Nangurukuru tangu asubuhi, tunapunga mkono mpaka bega linauma. Tunaelekea Mtwara na ni lazima tufike kabla ya Jumamosi asubuhi. Nauli imeisha, sababu tuziache. Kutoka Kilwa Masoko mpaka hapa pikapu ya samaki imetuleta bure. Jua linawaka, bahari ile pale imetulia, ukituona utasema watalii, ila moyoni sina amani. Kuna dereva wa semi anakwenda Mtwara kupakia saruji, anasema ataondoka saa mbili usiku na atatubeba. Swali langu ni moja tu: madereva wa malori wa njia hii wanaaminika? Tuna kimzigo kidogo.

Utingo Mstaafu:
Dogo, njia hiyo mimi nimeila enzi za pantoni pale Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003. Unafika Rufiji pantoni mbovu, mnalala foleni na mbu wa kutosha. Na daraja lilipokuja, kipande cha Ndundu hadi Somanga kikaendelea kutunyoosha miaka na miaka. Masika moja tulimpa lifti mama mjamzito, tukanasa kwenye tope, akajifungulia chini ya turubai letu. Mtoto akapewa jina la dereva wangu, na mpaka leo anamletea korosho kila msimu. Nyinyi mna lami na simu mkononi, mnalia nini?

Kinyozi wa Temeke:
Mzee, hadithi tamu, ila swali lake hujalijibu.

Mtoto wa Mama Ntilie:
Nimekaa paleee na karanga zangu.

Mwalimu wa Jioni:
Kijana, msafiri bila nauli ni mzigo wa wenzake. Zamani mtu hakutoka kwao mpaka mama amemfungia mihogo ya njiani. Siku hizi ni begi mgongoni na simu ya kupigia picha.

Mzee wa Tunduma:
Lifti tamu ni gari ya IT, yale yanayotoka bandarini kupelekwa nchi jirani. Nilitoka Dar mpaka Tunduma kwenye gari jipya, viti bado vina nailoni, kiyoyozi mpaka meno yanagongana. Dereva alitaka hela ya chai tu.

Kinyozi wa Temeke:
IT wapi tena, mwenzio yuko njia ya kusini. Pweza, hebu sema: kimzigo gani? Mwenye begi la nguo tupu haogopi lori.

Pweza Mkavu:
Nguo na vitu vya familia, mkuu. Nimeuliza habari ya madereva.

Dada wa Mikindani:
"Vitu vya familia" ndiyo nini? Samaki? Dhahabu? Ukituficha tutakushauri nini? Huyo dereva amesema mtakaa wapi?

Pweza Mkavu:
Mmoja kichwani, mwingine nyuma kwenye bodi, maana yupo na utingo wake. Sawa, niseme. Nimebeba mahari ya kaka yangu mkubwa. Milioni mbili taslimu. Mshenga ametangulia Mtwara na wazee, mimi nikachelewa kwa ajili ya kazi, nikaambiwa nizilete. Mama amezishonea kwenye mfuko wa ndani wa suruali, nimelala nayo, nimeamka nayo.

Mtoto wa Mama Ntilie:
Karanga zimeniingia puani.

Kinyozi wa Temeke:
Unaomba lifti barabarani huku umekalia milioni mbili? Kata basi, mjinga wewe. Nauli ya wawili mpaka Mtwara hata elfu arobaini haifiki. Chomoa, ukifika rudisha.

Pweza Mkavu:
Amana haiguswi, mkuu. Nikifungua uzi ule hata kwa elfu moja, nimemwibia kaka. Na zikihesabiwa mbele ya wazee zikapungua, ni aibu ya ukoo mzima.

Mwalimu wa Jioni:
Hapo umesema neno la kiume. Ila nauli uliyopewa, ambayo nayo ni amana, iko wapi?

Pweza Mkavu:
Tulipitia Kilwa Masoko. Mwenzangu hajawahi kuona magofu ya Kilwa Kisiwani, na nani anajua atapita lini tena. Kuna kibali, kuna mtembeza wageni, kuna boti, kuna kula. Tumeona Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Pesa ya nauli ilikuwa yangu ya kupanga, sikuambiwa nisishuke njiani.

Kasuku wa Kivinje:
Kisiwani ni urithi wa dunia tangu 1981, hata Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alifika mwaka 1331, kwa hiyo kwa hilo simlaumu. Kosa ni kwenda na mahari.

Kinyozi wa Temeke:
Ibn Battuta hakubeba posa ya mtu.

Dada wa Mikindani:
Kwani hizo hela zimeshindikana nini kuingizwa kwenye simu? Wakala wamejaa, ukifika unatoa.

Pweza Mkavu:
Baba mkwe anataka noti mkononi, hataki habari za simu. Halafu makato mnayajua. Halafu kuna jingine. Wakati wa kushuka kwenye boti maji yalinifika kiunoni. Noti zimelowa. Tangu saa sita nimegeuza suruali nje ndani, nimeianika juu ya pipa nyuma ya duka, mwenzangu ameikalia karibu na mimi nimevaa kikoi chake. Nani atampelekea wakala noti mbichi?

Utingo Mstaafu:
Hahahaa! Nacheka mpaka wajukuu wanakuja kuniangalia. Sasa nikujibu. Madereva wengi ni waungwana, wanabeba mtu ili wasisinzie. Ila lori linalokwambia mmoja mbele na mmoja nyuma, usipande. Mkitenganishwa hamjui nani kashushwa wapi. Na trafiki akiwakuta juu ya bodi, dereva atawashusha porini ajiokoe yeye. Ukilazimika, piga picha namba ya gari, itume nyumbani, na dereva akuone ukiituma.

Pweza Mkavu:
Lakini huyu ana sura ya heshima, mzee. Ametupa hata maji. Nimeshamwambia tunakuja.

Kasuku wa Kivinje:
Subirini kwanza. Huyu bwana alianza na "bahari ile pale imetulia". Mimi nimezaliwa Kivinje. Nangurukuru bahari unaionea wapi? Pale ni njia panda, maduka, mabasi na vumbi. Bahari mpaka uingie Kivinje au ushuke Masoko, kama kilomita 30. Wakuu, tunanyweshwa chai.

Mtoto wa Mama Ntilie:
Na maandazi yake kabisa.

Mzee wa Tunduma:
Nilijua tu. Mahari, noti zimelowa, kikoi. Hii ni sehemu ya kwanza, kesho atatuletea ya pili.

Pweza Mkavu:
Nilianza kuandika nikiwa Masoko, mtandao ukagoma, nikamalizia hapa. Mtu na shida zake mnampima kwa bahari?

Kasuku wa Kivinje:
Pikapu ya kutoka Masoko umeiandika humo humo. Uliijuaje kabla hujaipanda?

Mwalimu wa Jioni:
Awe mkweli awe mwongo, somo liko pale pale.

Kinyozi wa Temeke:
Weka picha ya suruali kwenye pipa tuamini.

Mzee wa Tunduma:
Njia hiyo bahari unaiona Somanga, pale wanapouza samaki wa kukaanga dirishani.

Dada wa Mikindani:
Somanga unanusa tu. Bahari yenyewe ni ukiteremka Lindi, halafu kwetu Mikindani, barabara inapita kando ya maji kabisa.

Utingo Mstaafu:
Somanga maji yaliwahi kutufuata. Mei 2024, kimbunga Hidaya, barabara ilikatika, malori yakapanga mstari huku na huku. Korosho zetu

Dada wa Mikindani:
Mzee, korosho baadaye. Pweza, kama ni kweli, nisikilize. Mabasi ya Dar kwenda Mtwara yanapita hapo mchana huu. Mwambie konda nauli italipwa na mwenyeji stendi ya Mtwara, wanakubali kila siku. Mpigie mshenga, siyo kaka. Mshenga kazi yake ni kuficha aibu za watu.

Kinyozi wa Temeke:
Huyu dada apewe uzi.

Pweza Mkavu:
Nimempigia. Ametukana kwanza, kisha amekubali. Basi la kwanza konda amekataa. Huyu wa pili amekubali ila anataka abaki na simu yangu kama dhamana mpaka Mtwara. Dereva wa lori naye ananiita. Suruali bado mbichi kidogo. Nimwachie simu?

Dada wa Mikindani:
Mwachie ya rafiki yako. Yeye ndiye aliyetaka kuona magofu.