Naomba ushauri: wateja wanauliza bei ya vikapu, kisha kimya

Habari za leo wakuu. Nauza mtandaoni vikapu vya nyasi za milulu vya Iringa, vinavyosukwa kwa mkono na mama yangu mdogo na majirani zake. Picha naweka Instagram, maongezi yanamalizikia WhatsApp, malipo kwa simu, mzigo unakwenda kwa basi.

Kinachonisumbua ni bei. Mtu anapenda picha, anauliza "bei gani?", nikitaja 45,000 simsikii tena. Wengine wananiambia sokoni vipo vya 15,000. Ni kweli vipo, ila ukivishika unaona tofauti: vyetu msuko umebana, kitako hakiyumbi, na rangi haitoki ukipangusa kwa kitambaa chenye maji. Picha haionyeshi hayo. Kushusha bei sitaki kabisa, maana anayeumia ni msukaji, na kikapu kimoja kinamla siku kadhaa.

Naombeni mnisaidie, hasa mnaouza kazi za mikono. Niandike bei wazi chini ya picha, au niendelee kuitaja kwenye meseji? Video ya mama akisuka inaleta wanunuzi kweli, au watazamaji tu?

Halafu kuna ndugu zetu walioko Ulaya wanaotaka kimoja kimoja, lakini gharama ya EMS (huduma ya posta ya kutuma vifurushi kwa haraka) inawakatisha tamaa. Nafikiria kuuza seti ya vitatu, kidogo ndani ya kikubwa, kwa kifurushi kimoja. Aliyewahi kufanya hivyo aniambie: vilifika bila kupinda? Na ukungu wakati wa masika mnauzuiaje?