Naomba ushauri: vyumba 6 vya kupangisha Dodoma, Nzuguni au Ng'hong'ona?

Wakuu, salaam. Nina kiwanja kilichopimwa Nzuguni. Mwenzangu kazini yuko tayari tubadilishane na chake cha Ng'hong'ona, jirani na chuo kikuu cha UDOM. Akiba yangu ni milioni 48, jasho la miaka 9. Fundi kapiga hesabu ya masta 6 (vyumba vyenye choo ndani) na hela yote inaishia hapo. Nikipangisha kila chumba kwa 80,000 kwa mwezi, kama dalali alivyonitajia, mwaka unanipa 5,760,000. Dalali anasema Ng'hong'ona wanafunzi wa kupanga hawakosekani, mke wangu anataka tubaki Nzuguni. Naombeni neno la mtu aliyewahi kukaa na wapangaji.

Mama Vyumba: Mdogo wangu, mimi nina vyumba upande wa chuo. Wanafunzi ni kweli hawakosekani, ila likizo ndefu ikifika wanafunga virago na wewe unabaki na makufuli. Halafu chumba cha mmoja wanalala watatu, shimo la choo linajaa kabla ya wakati. Usipige hesabu ya miezi 12, piga ya 9.

Mpiga Hesabu: Hata Nzuguni usiweke 12. Weka 10, ubaki na 4,800,000. Toa 600,000 za rangi, koki, vitasa na kunyonya choo, inabaki 4,200,000. Milioni 48 itarudi baada ya miaka 11 na ushee, na hapo thamani ya kiwanja hatujaigusa. Kodi ya mapato sijaitoa, wala kodi ya jengo inayokatwa kwenye umeme wa LUKU. Linganisha na hatifungani za serikali za miaka 20 (unaikopesha serikali hela yako), zinazolipa riba mara mbili kwa mwaka bila mpangaji kukupigia simu usiku.

Mkazi wa Nzuguni: Huku kuna stendi kuu ya mabasi na soko la Job Ndugai, na barabara ndiyo hiyo inayokwenda Mtumba ziliko wizara. Lakini tofautisha wateja. Mtumishi mwenye familia hataki masta, anatafuta nyumba nzima yenye uzio. Masta zako ni za wafanyabiashara wa sokoni, wahudumu wa mabasi na vijana walioajiriwa juzi.

Halafu usimsikilize dalali, yeye anakula kodi ya mwezi mmoja na kuondoka. Nenda saa 2 usiku, siku ya kazi, tembea mitaa minne kwa mguu. Hesabu madirisha yenye taa kwenye nyumba za kupanga. Soma vibao vya "chumba kinapangishwa": kama maandishi yameshapauka kwa jua, ujue chumba hicho kimekaa kitupu muda mrefu. Mwisho muulize muuza maji wa madumu anapeleka wapi kila siku. Dodoma mpangaji anahama kwa sababu ya maji kuliko kodi.

Mwanzisha uzi: Nimerudi jana usiku. Mtaa wangu nimehesabu vyumba 31, vyenye taa 24, vibao viwili, kimoja kimepauka kabisa. Bibi mmoja mwenye vyumba vinne kaniambia hajawahi kukaa mwezi na chumba kitupu tangu aweke tanki la lita 5,000, na kodi yake ni 70,000, siyo 80,000 ya dalali. Sibadilishani kiwanja. Naanza na vyumba vitatu na tanki, nusu ya hela naiacha benki kwanza. Mama Vyumba, shimo la choo kwa vyumba vitatu nichimbe futi ngapi?

Mama Vyumba: Chimba la vyumba sita kabisa, mdogo wangu. Utakuja kunishukuru ukianza vile vitatu vingine.