Naomba ushauri: springi za valvu, Subaru XV ya 2012

Habari wakuu. Gari ni XV, chasi GP7, injini FB20, mtumba kutoka Japani, sasa liko Nairobi. Mwaka 2018 Subaru iliyaita magari ya aina hii yarudishwe kubadilishwa springi za valvu, kwa sababu zinaweza kukatika. Ikikatika moja, valvu haifungi sawasawa. Injini hugonga au huzima ghafla, na kuzimikiwa katikati ya Thika Road ni hatari kubwa.

Je, kuna aliyethibitisha kwa namba ya chasi kwamba kazi hiyo ya kubadilisha springi ilifanyika Japani kabla ya gari kusafirishwa? Logbuku haionyeshi.

Kama haikufanyika, natafuta fundi atakayeteremsha injini nzima, maana silinda zimelala na ubavuni hakuna nafasi ya kazi. Ninachohofia zaidi ni silikoni, ile gundi ya kuziba maungio ya injini. Ikipakwa kupita kiasi, vipande huingia kwenye oili, huziba njia zake, na beringi za krankshafti huungua. Marekani hilo limeripotiwa baada ya matengenezo haya haya. Je, mnasafisha sampu (bakuli la oili chini ya injini) na chujio lake kabla ya kufunga?

Na springi 16 mpya, halisi, zinapatikana Kirinyaga Road au niagize? Za mtumba sitaki kabisa.