MJADALA: Wimbo ulio kwenye simu yako ni wako, au umeazima?

Mleta mada:
Wakuu, hoja yangu ni hii: tangu kampuni zianze kusafirisha muziki bila waya, msikilizaji amepoteza umiliki. Mwaka 1998 Wakorea walitoa MPMan, kidude cha mfukoni cha kuchezea nyimbo, chenye megabaiti 32 tu. Mwaka uleule Marekani ikatoka Rio, kidude kama hicho. Kampuni za muziki zikakimbilia mahakamani kuizuia, zikashindwa. Oktoba 2001 ikaja iPod ya Apple, gigabaiti 5, nyimbo 1,000. Ulisikiliza kwa waya, lakini wimbo ulioutoa kwenye CD yako na kuuingiza humo hakuna aliyeweza kukufungia.

Sasa tazameni Zune, kidude cha muziki cha Microsoft, Novemba 2006. Ilikuwa na Wi-Fi, ukaweza kumrushia mwenzako wimbo. Ila aliyerushiwa aliusikiliza mara tatu, ndani ya siku tatu, basi, umejifunga. Hata kama ni sauti uliyorekodi mwenyewe kwenye harusi ya dada yako! Huku kwetu miaka hiyohiyo tulirushiana kwa Bluetooth, na ukishapokea umepokea.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, huko kurushiana unakokusifu ndiko kulikotuumiza sisi wanamuziki. Mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi alilipwa. Aliyeimba, aliyelipia studio, hakuona hata shilingi. Leo wimbo wangu ukichezwa mtandaoni unahesabiwa. Malipo ni madogo mno, lakini yapo, na jina langu halikatwi.

Mleta mada:
Pole ndugu yangu, hilo sikatai. Lakini iTunes, duka la nyimbo la Apple mtandaoni, lilianza 2003 kwa senti 99 za dola kwa wimbo, faili likiwa na kufuli la kuzuia lisinakiliwe ovyo. Mwaka 2009 kufuli likaondolewa kwenye nyimbo zake, na duka halikufa. Kumbe msanii anaweza kulipwa na mnunuzi akabaki na faili lake. Mbona tunalazimishwa kuchagua kimoja?

Mchangiaji wa pili:
Nyie mnabishana kama watu wenye bando muda wote. Mimi ni dereva wa lori. Kuna vipande vya barabara mtandao hakuna kabisa. Nyimbo nilizopakua kwenye programu ya kulipia kwa mwezi, ada ikiisha zinafungwa hata kama zimo ndani ya simu. Flashi yangu haijawahi kunidai. Na tangu iPhone 7 ya 2016 itolewe bila tundu la waya, kampuni nyingine nazo zikafuata, hata kusikiliza kwenyewe mara nyingi kunataka spika za masikio zisizo na waya, yaani betri nyingine ya kuchaji.

Mwanamuziki, nakuuliza kwa heshima: ukiniuzia faili lako moja kwa moja, nikakulipa kwa simu, nikaliweka kwenye flashi, utakuwa umepoteza nini? Mimi nipo tayari kulipa leo.